Miaka 24, sijawahi kupita akademi: mlango wa soka la kulipwa bado uko wazi?

Beki wa Zamu ya Usiku

Habari za jioni wakuu. Huwa nasoma tu humu na kupita, leo nimeona niulize.

Nina miaka 24. Kazi yangu ni kupakia na kushusha mizigo ghalani, zamu ya usiku. Mpira nimecheza tangu utotoni lakini wa mchangani tu, sijawahi kuingia akademi wala timu ya vijana, na sababu yenyewe inachekesha: nilikuwa mfupi. Picha zote za darasa nimesimama mstari wa mbele. Nilipofika miaka 18 ndipo mwili ukaanza kufumuka, na leo nina sentimita 188, natumia mguu wa kushoto, nacheza beki wa kati. Washambuliaji tunaocheza nao wananijua, wakiniona nimeingia wanahamia upande wa mwenzangu.

Mwezi uliopita alikuja kocha wa timu ya daraja la chini kumtazama winga wetu. Mechi ilipoisha akanifuata mimi, akaniuliza umri. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ungekuwa na 18 ningeondoka na wewe leo." Akaniachia namba yake ya simu, akaenda kuongea na winga. Tangu siku hiyo sipati usingizi, na mtu wa zamu ya usiku akikosa usingizi mchana mjue ana shida.

Sasa kuna mambo yananizunguka kichwani. Kuna jamaa anajiita wakala, ameona kipande cha video yangu kwenye simu ya rafiki, anasema anaweza kunipeleka majaribio nje ya nchi ila nitangulize pesa ya nyaraka na usumbufu. Pesa yenyewe siipati mpaka nikope. Huyo huyo anasema cheti cha kuzaliwa kinaweza "kurekebishwa", nikawa na miaka 19. Halafu kuna kazi. Nikiiacha nitapata muda wa kufanya mazoezi asubuhi na jioni kama wachezaji wenyewe, lakini kodi ya chumba hainisubiri mimi nisajiliwe.

Sitafuti kutiwa moyo. Namtaka mtu anayejua huko ndani mambo yanaendaje. Kwa umri huu kuna timu inayoweza kunitazama mara mbili, au niendelee kufurahisha watu Jumamosi?

Nyundo

Mkuu, Mbappé alibeba Kombe la Dunia akiwa na miaka 19. Wewe una 24 na hujawahi hata kuvaa jezi ya timu iliyosajiliwa. Hiyo ni kazi ya watu waliopikwa tangu wana miaka minane. Linda ajira yako, ukipata mtoto mpeleke akademi mapema. Samahani kama nimekukata maini, ila mwenyewe umesema hutaki kutiwa moyo.

Kocha Daftari

Nyundo, umemjibu beki kwa mfano wa mshambuliaji wa mbio. Hao ni viumbe wawili tofauti. Mtu anayeishi kwa kasi lazima aonekane mapema kwa sababu kasi ndiyo inayoanza kumkimbia. Beki wa kati na kipa wanaishi kwa macho na kichwa, na hivyo vinachelewa kuiva. Dino Zoff alikuwa golini Italia ilipochukua Kombe la Dunia 1982, ana miaka 40.

Nimecheza beki daraja la pili mpaka goti likanistaafisha. Sasa nafundisha kikosi cha akiba, na siku za majaribio mimi ndiye yule mzee wa pembeni mwenye daftari. Ngoja nikueleze tunavyoona kutoka upande huu.

Kijana wa miaka 16 anasajiliwa kwa ajili ya keshokutwa. Akikosea tunasema atakua. Wewe wa 24 hakuna atakayekusubiri ukue. Utasajiliwa kwa ajili ya mechi ya wiki hii, kwa sababu beki mmoja ana kadi nyekundu na mwingine anachechemea. Yule kocha hakukuambia huwezi. Alikuambia kwamba mabosi wake wanamtaka alete watoto wa kuja kuuzwa. Mtafute kocha mwenye shida ya leo. Wapo wengi katika madaraja ya chini, hasa majeruhi wanapoanza kurundikana katikati ya msimu, na wengi wao hawana fungu la kununua mtu.

Na hapo una kitu ambacho kijana hana. Kwenye uhamisho wa kimataifa, kanuni za FIFA zina fidia ya mafunzo: klabu inayomchukua mchezaji kijana inazilipa klabu zilizomlea alipokuwa na miaka 12 hadi 21. Fidia hiyo inakoma mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23. Wewe umeshavuka, na hakuna klabu iliyokulea, kwa hiyo hakuna wa kuja kudai. Nimeshakaa vikaoni nikasikia mchezaji mzuri anaachwa kwa sababu ya hesabu hizo.

Sasa sehemu ambayo hutaipenda. Watu watakuja hapa kukutajia majina. Ian Wright alisaini Crystal Palace 1985 akikaribia miaka 22. Drogba alipata mkataba wake wa kwanza wa kulipwa klabu ya Le Mans, Ufaransa, akiwa na 21. Jamie Vardy alifika Leicester 2012 akiwa na 25, na 2016 akawa bingwa wa England. Fabio Grosso alikuwa madaraja ya chini Italia mpaka Perugia walipomchukua 2001, miaka mitano baadaye ndiye aliyepiga penalti ya mwisho ya fainali ya Kombe la Dunia. Yote ni kweli. Lakini Vardy alilelewa na Sheffield Wednesday mpaka miaka 16, na walipomtupa akaendelea kucheza ligi, za chini sana lakini ligi, zenye mwamuzi, msimamo na kocha anayekufokea Jumanne kwa kosa la Jumamosi. Hawa walichelewa kusainiwa. Kuanza hawakuchelewa. Wewe unakaribia kuchelewa vyote viwili, na pengo lako haliko kwenye umri, liko kwenye mechi za ushindani ambazo hujacheza.

Pengo hilo linaonekana haraka sana. Siku ya majaribio wanakuja vijana wengi kuliko vizibao tulivyo navyo, kila mmoja anapata kama dakika 20. Kwa beki wa kati mimi siandiki chochote mpira ukiwa miguuni kwake. Naandika mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja. Anageuza shingo? Anajua mshambuliaji yupo mgongoni kwake au ameshahamia kwa mwenzake? Kiungo wetu akinyang'anywa, hatua yake ya kwanza inakwenda nyuma au mbele? Mabeki wa mchangani karibu wote wanakwenda mbele, maana mchangani ukimvamia mwenye mpira anaogopa. Mchezaji wa ligi haogopi. Anagusa mara moja tu, mpira uko nyuma yako na wewe umesimama unatafuta mwamuzi. Pia nasikiliza. Beki aliyekaa kimya namwekea alama ya kuuliza hata kama hajapitwa mechi nzima.

Huyo wakala mkimbie. Wakala wa kweli analipwa kamisheni mkataba ukishasainiwa, na anatakiwa awe na leseni ambayo unaweza kuiulizia kwenye shirikisho la mpira. Anayetaka pesa kabla hujagusa mpira, biashara yake ni wewe. Na cheti usikiguse. Tuache kwanza kwamba ni kughushi na kwamba ukibambwa unafungiwa wewe, yeye akiwa ameshabadilisha laini ya simu. Hata kimpira hakina faida. Ukisema una 19 watakupeleka kwenye kundi la watu wanaosubiriwa wakue, nawe umeshakua. Watakupima kwa maendeleo yako ya mwaka hadi mwaka, na hayo ndiyo usiyokuwa nayo.

Beki wa Zamu ya Usiku

Kocha, shikamoo. Hiyo ya kwenda mbele umenisema mimi kabisa, winga wetu hunitania kwamba navamia kama askari. Wakala nimeshamfuta kwenye simu.

Nina swali lingine. Tangu niongee na yule kocha nimeanza kukimbia kila siku nikitoka kazini asubuhi, na jioni nafanya mazoezi na mpira. Pumzi imepanda haraka mno, lakini juu ya kisigino nyuma naanza kusikia kitu kinakaza, hasa nikishuka kitandani. Nikitembea kidogo kinaachia. Ni kawaida?

Mama Viungo

Mdogo wangu, simama hapo hapo. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na watu wa aina yako ndio wateja wangu wakubwa. Wanachokuja nacho ni hicho hicho ulichoandika.

Mwili haukui wote kwa mwendo mmoja. Moyo na mapafu vinaitikia mazoezi ndani ya wiki chache, misuli inafuata. Kano, zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa, zinachukua miezi. Kwa hiyo unafika mahali pumzi inakuruhusu kukimbia sana, misuli inakuruhusu, lakini kano ya kisigino bado ni ile ya mtu anayecheza mara moja kwa wiki. Aliyelelewa kwenye timu tangu utoto amezijenga hizo kamba kidogokidogo bila hata kujua. Wewe unataka kuzijenga kwa mwezi mmoja, juu ya kazi ya kubeba mizigo usiku kucha. Huko kukaza asubuhi na kuachia ukitembea ndiko kano inavyoanza kulalamika. Nenda ukapimwe kabla haijawa maumivu ya mchana kutwa.

Usiache mazoezi yote, kano haiponi kwa kulala tu. Punguza mbio na kuruka kwanza, weka mazoezi ya nguvu ya taratibu: simama kwenye ngazi kwa vidole vya mbele, panda, shuka polepole mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Ukiona asubuhi inayofuata kumekaza zaidi ya jana, ulizidisha. Asubuhi ndiyo kipimo chako, hata kama jioni ulijisikia simba.

Halafu nyuma ya paja. Mabeki warefu wanaoanza mbio za kasi ukubwani huwa wanavuta nyama pale. Kuna zoezi la Nordic, tafiti nyingi zimeonyesha linapunguza majeraha hayo. Unapiga magoti juu ya kitu laini, mwenzako anakushika visigino, mwili unanyooka kuanzia magotini hadi kichwani, kisha unajiachia kwenda mbele polepole ukijizuia kwa nyuma ya mapaja. Ukishindwa unajidaka kwa mikono. Mara ya kwanza utashindwa mapema na kesho yake utakaa kwenye kiti kama bibi harusi. Anza na machache mno.

Kwenye kupasha mwili usibuni vyako, FIFA wana programu yao iitwayo 11+, kama dakika 20, haitaki vifaa zaidi ya mpira.

Na hapa nitakuwa mkali: usingizi. Mwili unajenga unachokitaka ukiwa umelala. Kukimbia ukitoka zamu, ukalala kidogo mchana wa joto na kelele, jioni ukarudi uwanjani, huko ni kujimaliza. Kama kuna kitu kimoja cha kubadilisha kwenye maisha yako ni zamu.

Mkimbiaji wa Alfajiri

Mimi nitakusogeza pembeni kidogo ya soka, usinichukie.

Nilianza mbio ndefu nikiwa na miaka 29, baada ya mtoto wa pili, kwa nia ya kupunguza mwili. Sasa nashindania pesa kwenye mbio za barabarani. Sisemi nimetajirika, nusu ya mwaka bado nashona nguo. Lakini hakuna kocha aliyewahi kuniuliza kwa nini sikuja nikiwa na 18. Saa inaandika ulichokimbia, basi. Priscilla Welch wa Uingereza alikuwa mvutaji sigara, akaanza kukimbia katikati ya miaka yake ya 30, mwaka 1987 akashinda marathoni ya New York akiwa na 42. Constantina Diță wa Romania alichukua dhahabu ya marathoni ya Olimpiki Beijing 2008 akiwa na 38, ingawa yeye alikuwa mkimbiaji siku nyingi.

Ninachotaka kusema ni kwamba kuna michezo inayotafuta mwili au injini, halafu ufundi wanakufundisha wao. Anthony Joshua alianza ndondi akiwa na 18, dhahabu ya Olimpiki akaipata 2012, umri wa miaka 22. Helen Glover alikuwa mwalimu wa michezo, akaingia kupiga makasia mwaka 2008 kupitia mpango wa Uingereza wa kusaka watu warefu wenye nguvu; miaka minne baadaye ni bingwa wa Olimpiki. Primož Roglič alikuwa mrukaji wa ski, ule mchezo wa kuruka kwenye theluji, baiskeli ya mashindano akaijia ukubwani, sasa ana mataji manne ya Vuelta, mbio kubwa za baiskeli za Hispania. Wewe una sentimita 188, mguu wa kushoto, na mgongo uliozoea kubeba magunia. Umewahi kujiuliza kama mpira wa miguu ndiyo biashara nzuri zaidi ya mwili huo?

Ila nijibie kwa ukweli. Mimi mbio nazipenda hata siku ya mvua ambayo hakuna anayeniona. Kama wewe unachopenda ni mpira na si kulipwa, basi futa yote niliyoandika.

Nyundo

Dada umenigusa. Mimi nina 31 na kitambi, nikimbie au nisikimbie?

Mkimbiaji wa Alfajiri

Kimbia. Lakini msome kwanza Mama Viungo hapo juu.

Kocha Daftari

Marahaba, kijana. Mama Viungo amenipunguzia kazi. Namalizia ya ajira.

Usiiache. Timu ya daraja la chini ikikuchukua, mwanzoni utapewa posho, na posho inachelewa. Mchezaji mwenye njaa anakubali mkataba wowote, nimeona watu wanasaini karatasi za kuwafunga miaka mitatu kwa sababu walidaiwa kodi wiki hiyo. Mwenye mshahara wake anasoma ukurasa wa pili. Nenda kwa msimamizi wako uombe zamu ya asubuhi, mweleze kwa nini. Mabosi wengi ni wapenda mpira kuliko unavyodhani.

Kisha ingia timu yoyote iliyosajiliwa, hata ya mwisho kabisa kwenye ngazi, ilimradi ina ratiba, mwamuzi na kocha. Usiende ya juu ukakae benchi. Unachohitaji ni dakika, tena dakika za kufungwa, za kucheza ugenini kwenye uwanja mbovu, za kumkaba mtu mwenye miaka 34 anayejua kukukanyaga kidole mwamuzi akigeuka. Mzee kama huyo atakufundisha mengi zaidi kwa dakika 90 kuliko mimi kwa mwezi.

Yule kocha mpigie. Usimwombe akuchukue. Mwombe akuruhusu ufanye mazoezi na kikosi chake mara moja kwa wiki, bila malipo, uwe mtu wa kuwakaba washambuliaji wake. Mabeki wa mazoezini huwa hawatoshi, na akizoea sura yako ndiyo atakayoikumbuka beki wake akiumia.

Jiwekee na ukomo. Misimu miwili naona inatosha. Kama misimu miwili ya ligi ya chini imepita na hakuna timu ya juu yake iliyoulizia, majibu umeshapata, na utakuwa na 26, kazi unayo, mwili mzima. Miguu ya kushoto nyuma ni adimu, kwa hiyo mtu akiulizia utajua mapema tu. Na siku ukijua haiji, fikiria kozi za ukocha au za kuwa mwamuzi. Huko 26 ni mtoto.

Nyundo ana haki kwenye jambo moja: wengi wanaojaribu hivi hawafiki. Mimi ningejaribu.

Beki wa Zamu ya Usiku

Nashukuru sana wote. Dada mkimbiaji, nimelifikiria swali lako tangu asubuhi. Ni mpira. Nimejaribu kujiona kwenye boti na makasia nikacheka peke yangu.

Msimamizi nimeongea naye leo. Zamu ya asubuhi haipatikani mpaka mwezi ujao, kuna mama mmoja anaondoka kwenda likizo ya uzazi, nitashika nafasi yake. Mpaka hapo mbio nimesimamisha, ngazi nafanya, kisigino nitakipeleka kupimwa Alhamisi. Yule kocha nimempigia, hakupokea, nimemtumia ujumbe. Kuna timu ya ligi ya chini inafanya mazoezi karibu na ghala, kesho naenda kuuliza.

Kocha, la mwisho. Nikianza kucheza nataka kujirekodi. Mdogo wangu atashika simu. Asimame nyuma ya goli au pembeni?

Kocha Daftari

Pembeni, usawa wa katikati ya uwanja, juu kidogo kama kuna mahali pa kupanda. Simu aishike kwa kuilaza, picha iwe pana, na asikufuate wewe wala mpira, achukue mstari mzima wa mabeki. Nitumie mechi nzima, sitaki vipande vya kukata na muziki. Na mkifungwa, bao lenyewe lisitolewe humo, nitaanza na hilo.